Huyu Si Kongoni, Tumwite Moswa

Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Likizo iliyopita alikuja kukaa nasi Nyakato, na ndani ya begi lake kulikuwa na kitabu cha picha za wanyama alichonunuliwa na baba yake. Jioni moja nikiwa barazani alinijia na kitabu kimefunguliwa, kidole kimeganda juu ya picha. Mnyama mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea amesimama ziwani, maji yamemfika tumboni. Mabega yameinuka kama nundu. Pua ndefu, nene, imeufunika mdomo wa juu. Chini ya kidevu inaning'inia ngozi kama mfuko mtupu. Pembe zimetanda huku na huku kama nyungo mbili zilizomeguka kingo, na majani ya majini yananing'inia mdomoni yakichuruzika maji. Chini ya picha wameandika: "Kongoni wa nchi za baridi."

"Mjomba," akasema, "huyu si kongoni. Kongoni mimi nimewaona."

Kweli amewaona. Shule yao iliwapeleka Serengeti kupitia lango la Ndabaka, akarudi na habari za kongoni aliyepanda juu ya kichuguu akiwatazama, uso mrefu, mgongo umeteremka nyuma, pembe fupi zimejipinda. Mtoto ametumia macho yake tu, akaona kosa ambalo watu wazima walioandika, kuhariri na kuchapa kitabu hawakuliona. Tangu jioni ile jambo hili halijanitoka kichwani. Mnyama yule anastahili jina lake katika Kiswahili, na nina hakika jina linalomfaa lipo tayari, linasubiri tulichukue.

Kwanza tumjue ni nani. Waingereza na Wamarekani wanaandika "moose", wanatamka muusi. Ni mkubwa kuliko wote katika ukoo ambao wataalamu wanauita Cervidae. Dume la Alaska hupita kilo 600, begani husimama karibu mita 2, na pembe zake ukizipima ncha hadi ncha nazo zinakaribia mita 2. Anaishi Kanada, Alaska na majimbo ya kaskazini ya Marekani, na ng'ambo ya bahari yuko Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Ni mnyama wa baridi kweli kweli. Jua ambalo sisi hapa Mwanza tunaliita la asubuhi tu lingemfanya ahangaike kutafuta kivuli na maji.

Kongoni ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tofauti iko kwenye pembe, na hapo Kiswahili chetu kimebanwa, kwa sababu neno tulilo nalo ni hilo hilo moja. Pembe ya kongoni, kama ya ng'ombe, ni mfupa uliovalishwa ala ngumu ya kitu kama ukucha. Humea mara moja, hukaa maisha yote, na ikivunjika imevunjika. Pembe za yule wa kwenye picha ni mfupa mtupu. Humea upya kila mwaka kwa madume peke yao. Wakati wa kuchipua huwa zimefunikwa ngozi laini yenye vinyweleo na mishipa ya damu, na katika miezi ya joto huweza kurefuka zaidi ya sentimita 2 kwa siku. Ikifika Septemba ngozi inakauka, dume anaisugua kwenye miti mpaka ichanike itoke, na pembe zinabaki wazi tayari kwa kupigania majike. Baridi ikikaza zinadondoka, moja leo, nyingine kesho. Za dume kubwa zinaweza kuzidi kilo 25. Mwambie mfugaji wa Magu au Misungwi kwamba kuna mnyama anayemwaga kilo 25 za pembe msituni kila mwaka kisha anaziotesha upya kwa kula matawi na majani, atakuomba umrudie kusimulia.

Wanyama wa ukoo huo wa Cervidae hawana asili popote kusini mwa Sahara. Afrika nzima wenye asili ya hapa ni wa kaskazini tu, hasa Algeria na Tunisia. Ndiyo maana hatukuwarithi pamoja na majina, kama tulivyorithi simba, twiga na tembo. Waliotafsiri Biblia walikutana na pengo hilo kabla yetu. Ukifungua Zaburi ya 42 katika tafsiri iliyozoeleka utamkuta ayala, mnyama wa ukoo huo, mwenye shauku ya mito ya maji. Neno hilo halikuwa la pwani wala la bara. Lilichukuliwa kutoka Kiebrania. Wangeweza kuandika paa au swala na msomaji asingelalamika. Wakaazima neno, na leo mamilioni wanaimba habari za ayala bila kuona ugeni wowote. Nawasifu. Pale ambapo hawakufanya hivyo matokeo tunayaona: Absalomu alipanda nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi. Lakini kwa mtoto wa Bunda au Bariadi nyumbu ni yule wa makundi ya Serengeti. Nimewahi kumsikia kijana mmoja kanisani akiuliza mwana wa mfalme alimtiaje nyumbu lijamu, na swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Sasa tulitazame jina lenyewe, maana huku ndiko nilikokuta utamu.

Neno "elk" la Kiingereza ni la kale, na ndugu zake ni "elg" ya Norwei, "älg" ya Uswidi na "Elch" ya Ujerumani. Yote ni majina ya mnyama huyu huyu wa kwenye kitabu. Ila Uingereza kwenyewe alikuwa ametoweka maelfu ya miaka nyuma. Waingereza wakabaki na neno bila mnyama: walijua elk ni kitu kikubwa cha jamii ya ayala, basi. Walipovuka bahari kwenda Marekani wakakutana na mnyama mwingine mkubwa wa ukoo huo, wakamtwika lile jina lililokuwa halina mwenyewe. Huyo wa pili ana jina la Waindio Washawnee, wapiti, linalotaja makalio yake meupe. Kisha wakakutana na elk halisi, yule wa Uswidi na Urusi, na jina lake limeshagawiwa. Ikabidi wawaulize wenyeji, na mwanzoni mwa miaka ya 1600 neno "moose" likaanza kuonekana katika maandishi yao. Hadi leo Mwingereza akisema elk na Mmarekani akisema elk wanataja wanyama wawili tofauti. Karne nne za kuchanganyana zimetokana na kumwita mgeni kwa jina la unayemdhania.

Wenyeji waliwajibu nini? Lugha zao ni za ukoo wa Algonkini, na ndani ya ukoo huo jina linafanana kama majina ya Kibantu yanavyofanana toka ziwa hadi ziwa. Wanarragansett wa pwani ya mashariki walisema moos. Waabenaki wanasema moz. Waojibwe wanaozunguka Ziwa Superior wanasema mooz. Wakrii wa Kanada wanasema môswa. Wanaisimu wanaozifuatilia lugha hizo wanalihusisha jina na kitenzi chenye maana ya kubambua, kukwangua kitu mpaka kibaki laini. Ni mbambuaji. Anabambua magome ya miti.

Na ndivyo anavyofanya. Mnyama huyu hana meno ya mbele juu, kama ng'ombe na mbuzi wetu. Theluji ikifunika kila kitu na majani yakapukutika, huwa anabaki na vijiti vya miti na magome. Analikamata gome kwa meno ya chini na kulikwangua kuelekea juu, ukanda kwa ukanda, na shina linabaki na michirizi myeupe ya wima ambayo baadaye hugeuka kovu jeusi. Mwaka juzi mbuzi wa jirani aliingia uani kwangu akanifanyia hivyo hivyo kwenye mche wa mwembe. Asubuhi niliukuta umevuliwa gome toka chini hadi usawa wa goti, mti wa ndani unang'aa kwa utomvu, alama za meno zimepangana kama za kisu cha kukwangulia muhogo. Wakrii waliliona jambo hilo kwenye miti yao, juu kuliko kichwa cha mtu, wakampa mnyama jina kwa kazi yake. Anayelijua jina amekwisha kupewa cha kutazama msituni: gome lililobambuliwa likiwa bado bichi, mwenyewe hayuko mbali.

Linganisha na habari aliyoandika Julius Caesar zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alisema katika misitu ya Wajerumani kuna alces, mnyama asiye na viungo miguuni. Eti hawezi kulala chini, hulala ameegemea mti, na wawindaji huukata mti nusu nusu ili akiuegemea aanguke nao. Ni habari ya mtu aliyesimuliwa akiwa mbali, na jina la kitaalamu la mnyama hadi leo ni hilo hilo, Alces alces.

Sisi wa kando ya ziwa hili tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Agosti 1858 John Hanning Speke alifika hapa karibu na Mwanza, akayaona maji, akayapa jina la malkia wake. Maji yalikuwa na majina. Waluo walisema Lolwe, Waganda Nalubaale, na upande wetu ni nyanza, neno ambalo wengi wanaamini ndilo lililozaa jina la mji wenyewe. Ghuba iliyoko mashariki yetu nayo ikawa ya Speke. Sidai tubadilishe ramani. Ila mtu ambaye amefanyiwa hivyo asiwe mwepesi wa kuwafanyia Wakrii.

Kuna mfano unaoniuma zaidi kuliko wa ziwa, nao ni wa samaki waitwao furu. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi na mapema. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya mama mmoja mwenye karai la furu, wadogo kama kidole, na nikamwomba ruhusa ya kuwatazama vizuri. Mmoja alikuwa na tumbo la manjano na mstari mweusi ubavuni. Mwingine alikuwa wa kijivu mwenye wekundu mkiani. Wa tatu alikuwa na mdomo mpana kuliko wenzake. Nikauliza majina. "Hao wote furu, kaka. Furu ni furu." Alikuwa sahihi kwa soko. Lakini ndani ya neno hilo moja, wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipoanza kuichunguza Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuta aina nyingi ambazo hata sayansi ilikuwa haijazipa jina, wakawa wanazitambua kwa majina ya utani. Kisha miaka ya 1980 sangara, aliyeletwa ziwani kutoka nje, akafurika. Nyingi ya aina hizo zikatoweka, baadhi zikiwa bado na hayo majina ya utani tu. Kwa Kiswahili hakuna aina hata moja tunayoweza kuitaja tukasema, fulani hayupo tena. Tunasema furu wamepungua.

Ndiyo maana siwezi kulichukulia jina la mnyama kama pambo.

Wapo watakaosema: huyo wa Kanada anatuhusu nini? Nitawajibu kwa kisiwa. Ziwa Superior ndilo ziwa pekee la maji baridi linalotuzidi kwa eneo. Sisi wa pili. Ndani yake kuna Isle Royale, ambayo Waojibwe wanaiita Minong, na ni hifadhi ya taifa kama Rubondo yetu. Wanyama hawa walifika kisiwani humo mwanzoni mwa karne ya 20. Mbwa mwitu wakawafuata mwishoni mwa miaka ya 1940, maji yalipoganda wakatembea juu ya barafu. (Mbwa mwitu hao ni wale wakubwa wa kaskazini, si hawa wa madoadoa wa Serengeti. Hapo tena neno moja limebebeshwa wanyama wawili.) Tangu 1958 watafiti wamekuwa wakiwahesabu wote wawili karibu kila mwaka, nani anamla nani, na wangapi wamebaki. Kufikia 2018 mbwa mwitu walikuwa wamebaki wawili tu, huku wale wabambuaji wakiongezeka na kuimaliza miti, hadi wakaletwa mbwa mwitu wengine kutoka nje. Mvuvi wa Ukerewe aliyeona sangara na furu akisikia habari hiyo haitaji kufafanuliwa. Ameiishi.

Tena kuna kupe. Katika majimbo ya New Hampshire na Maine, wanyama hawa wanauawa na kupe wa majira ya baridi. Wadudu hao wadogo hupanda juu ya majani wakati wa vuli, wakashikana kwa mafungu, wakingoja mnyama apite. Zamani theluji iliwahi kuwaua. Sasa theluji inachelewa, nao wana wiki nyingi zaidi za kungoja. Mnyama mmoja anaweza kubeba makumi ya maelfu ya kupe. Anajisugua kwenye miti mpaka manyoya yanamtoka, anabaki na ngozi tupu ya kijivu katikati ya baridi, na ndama wengi wanakufa kwa kuishiwa damu kabla majani mapya hayajachipua. Hakuna josho la kumpeleka. Nani duniani angeisoma taarifa hiyo kwa uelewa kuliko mfugaji wa Usukuma, ambaye amepeleka ng'ombe joshoni tangu utoto wake na anajua rangi ya ufizi wa ndama aliyenyonywa na kupe? Lakini ukimwandikia kwamba "kongoni" wa Marekani wanakufa kwa kupe, akili yake inakwenda Serengeti, na habari yote imepotea njiani.

Kwa hiyo napendekeza moswa, na nitaeleza kwa nini silichagui "musi". Musi lingefaa, na lingekuwa jepesi kwa wanaolijua neno la Kiingereza. Lakini lingetufikia kwa mkono wa pili, likiwa limeshakatwa mwisho. Môswa ya Wakrii inaishia kwa irabu kama maneno yetu, na silabi zake zote mbili mtoto wa chekechea hapa Mwanza anazitamka bila kufundishwa. Iweke kwenye sentensi uone inavyokaa: moswa anabambua gome, moswa wawili wanavuka ziwa, ndama wa moswa amezama hadi shingoni. Na kwa ukoo mzima lipo ayala, limekwisha kulipiwa na waliotutangulia. Moswa ni ayala mkubwa kuliko wote. Sentensi hiyo fupi ni kweli tupu, na haimtaji kongoni.

Watakaoogopa kwamba tunazidi kuazima wamkumbuke dubu, aliyetoka Kiarabu, na kangaruu, aliyeanzia kwa wenyeji wa kaskazini mwa Australia. Hakuna anayewaita fisi mnene na panya mrukaji. Njia ya kufananisha ina mahali pake: punda milia limefaulu kwa sababu yule kweli ni ndugu wa karibu wa punda. Walioliunda walitazama. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967 na kazi za namna hii linaziweza. Wachapishaji wa vitabu vya watoto wangeanza kuliuliza kabla ya kuandika maneno chini ya picha.

Mpwa wangu hakungoja. Alichukua penseli, akakata "Kongoni" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake MOSWA kwa herufi kubwa. Kisha akarudi kwenye picha yenyewe, akauliza mnyama mkubwa hivyo anatafuta nini majini. Nikamweleza kwamba mimea ya majini ina chumvichumvi anayoikosa kwenye matawi, kwamba huzamisha kichwa chote na pua zake zina uwezo wa kujifunga, na kwamba huweza kupiga mbizi mita kadhaa kufuata mizizi. Nikamwambia hata sisi tunaye anayeishi hivyo, mdogo zaidi, huko Rubondo. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka ili asizame kwenye tope, anajificha ndani ya mafunjo, na akitishwa anaingia majini hadi ibaki pua tu nje.

"Anaitwa nani?"

"Nzohe."

Alikuwa hajawahi kulisikia. Tukafungua ukurasa wa N pamoja. Palikuwa na ndovu, nyani, nyati na nyumbu. Nzohe hakuwepo. Katika vitabu vya kitaalamu yupo, kwa jina la Tragelaphus spekii, yaani wa Speke. Akaniomba nimtajie herufi zake moja moja, akaliandika pembeni, pasipo na picha.